Sauti ya Kuazima

Mkataba wa Umoja wa Mataifa si kitabu cha kusoma kitandani. Nilikuwa naupekua kwa shughuli nyingine, nikitafuta mahali palipoihusu Tanganyika, nikakwama kwenye ibara ya 76. Ibara hiyo inaeleza kwa nini baadhi ya nchi ziliwekwa chini ya udhamini: zisogezwe hatua kwa hatua kuelekea kujitawala au uhuru. Nikarudi nyuma kidogo, ibara ya 73, ile inayohusu makoloni ya kawaida. Pale kuna kujitawala peke yake. Uhuru haumo.

Kwa hiyo Kenya, iliyokuwa koloni, ilipewa neno moja, na Tanganyika, pamoja na Ruanda-Urundi ya Wabelgiji, zikapewa mawili. Unaweza kusema ni mchezo wa maneno tu. Lakini kujitawala kunaweza kuwa baraza la machifu lililokaa chini ya gavana. Uhuru hauna gavana. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuwasemea Wameru waliofukuzwa kwenye ardhi yao, na Machi 1955 Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini akiwa na TANU yenye umri wa miezi minane. Hakwenda kuomba fadhila. Alikwenda kudai kitu kilichokwisha kuandikwa.

Sasa nani alikiandika? Hapo ndipo nilipokutana na Carlos P. Romulo, na tangu siku hiyo jamaa huyu hajanipa usingizi mzuri.

Mkutano wa San Francisco ulifanyika kati ya Aprili na Juni 1945. Kwenye kamati iliyoshughulikia udhamini, Waingereza, Wafaransa, Waholanzi na Makaburu wa Afrika Kusini hawakutaka kulisikia neno uhuru, na Wamarekani nao waliona kujitawala kunatosha. Waliolitaka walikuwa wachache: Wachina, Warusi, nchi kama Misri na Iraq, na Romulo wa Ufilipino. Hakuwa peke yake, basi, na nisimpe sifa isiyo yake. Ila yeye alikuwa na kitu ambacho Mchina na Mrusi hawakuwa nacho. Siku aliyoketi pale, nchi yake ilikuwa bado mali ya Marekani. Ufilipino ilipata uhuru tarehe 4 Julai 1946, mwaka mmoja na ushei baadaye. Mtu wa koloni alikuwa anawaeleza wenye makoloni tofauti kati ya maneno mawili, na tofauti hiyo aliijua mwilini mwake, si vitabuni. Mwishowe ikafika suluhu ya nusu kwa nusu: uhuru ukaingia kwenye sura ya udhamini, ukaachwa nje kwenye sura ya makoloni.

Mimi ni mjukuu wa watu waliotumia ile nusu iliyoingia. Ninalisema hili mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Nina deni kwa mtu huyu.

Alizaliwa Januari 1898. Baba yake, Gregorio, alipigana msituni dhidi ya Wamarekani walipokuja kuchukua visiwa mahali pa Wahispania. Mtoto akasomeshwa kwa Kiingereza cha hao hao waliomshinda baba, akaenda Columbia, New York, akarudi Manila, akawa mwandishi na baadaye mhariri na msimamizi wa magazeti. Agosti 1941 gazeti la The Philippines Herald lilichapisha insha yake, "I Am a Filipino", ambayo wanafunzi wa Ufilipino wanaikariri mpaka leo. Mwaka huo huo alizunguka Asia ya kusini mashariki akiandika jinsi watawala wa kizungu walivyolala huku Japani ikija, na makala hizo zikampatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1942. Alikuwa mfupi, futi tano na inchi nne hivi, na aliutania ufupi wake kabla wengine hawajamtania.

Vita vilipofika akavaa sare, akawa mpambe wa Jenerali MacArthur. Bunduki yake ilikuwa maikrofoni. Kutoka handaki la Malinta, kwenye kisiwa cha Corregidor, alitangaza katika redio iliyoitwa Sauti ya Uhuru, akiwatia moyo askari waliokuwa wakifa kwa njaa na malaria ng'ambo, kule Bataan. Januari 1942 MacArthur alikuwa amewatangazia askari hao kwamba msaada uko njiani kutoka Marekani, maelfu ya askari na mamia ya ndege. Msaada haukuja. Kazi ya Romulo ilikuwa kulitunza tumaini hilo lisizimike, kila siku, kwa Wafilipino waliomwamini kwa kuwa ni mwenzao. Tarehe 8 Aprili aliondolewa kwa kindege kibovu kilichoopolewa majini na kuungwaungwa, na kesho yake Bataan ikaanguka. Watu wapatao 75,000 walitekwa na kutembezwa kwa miguu ile safari ambayo maelfu hawakuimaliza. Mke wake na watoto wake wanne wa kiume walibaki Ufilipino mikononi mwa Wajapani, na hakuwaona hadi vita vilipogeuka.

Simlaumu kwa Bataan. Askari hasemi kambini kwamba tumeachwa. Lakini naiweka pembeni habari hii, maana ni mara ya kwanza naona sauti yake ikiazimwa kubeba ahadi ya mtu mwingine.

Baada ya vita alipanda haraka. Alitia saini Mkataba wa San Francisco kwa niaba ya nchi yake, na mwaka 1949 akawa Mwasia wa kwanza kuliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Kuna kisa kinachopendwa sana cha mwaka 1948 jijini Paris: Vyshinsky, mjumbe wa Urusi, alimbeza kwamba ni mtu mdogo kutoka nchi ndogo. Romulo akamjibu kwa Daudi na Goliathi, kwamba ni wajibu wa wadogo kuwarushia majitu mawe ya ukweli katikati ya macho. Nilipoisoma mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Halafu Bandung, Aprili 1955, mwezi mmoja tu baada ya Nyerere kuzungumza New York. Nchi 29 za Asia na Afrika, Soekarno mwenyeji, Nehru na Chou En-lai wakitazamana. Romulo alikuwa rafiki wa Marekani na hakujificha, ila kuhusu ubaguzi wa rangi hakumung'unya maneno: aliwaambia Wazungu kwamba hakuna utawala wao wa kikoloni ambao haukuwafundisha wenyeji kwamba wao ni duni. Akaenda mbali zaidi. Aliwauliza viongozi waliokuwa mbele yake, wengi wao wametoka kupandisha bendera juzi, kama uhuru ni bendera tu kupanda na mgeni kuondoka. Je, tumepigana ili kuwaondoa wachache wa kigeni tuwaweke wachache wa nyumbani?

Swali hilo, ndugu msomaji, liliulizwa mapema mno. Ghana ilikuwa bado Gold Coast. Sisi wengine hatukuwa hata na bendera ya kuikosea.

Na sasa naingia sehemu ambayo nilitamani nisiiandike. Mwishoni mwa miaka ya 60 Romulo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rais Ferdinand Marcos. Septemba 1972 Marcos alitangaza sheria ya kijeshi. Bunge likafungwa. Redio na magazeti yakafungwa, na The Philippines Herald, lile lililochapisha insha ya kuwa Mfilipino, nalo likafa wakati huo. Maseneta wakachukuliwa usiku: Benigno Aquino alikaa ndani zaidi ya miaka saba, Jose Diokno takriban miaka miwili bila hata kushtakiwa. Kwa hesabu zinazotajwa na Amnesty International, watu wapatao 70,000 walifungwa, 34,000 waliteswa, na zaidi ya 3,200 waliuawa. Waziri hakujiuzulu. Alikuwa na miaka 74, umri ambao mtu anaweza kusema mgongo unauma akaenda kulea wajukuu na hakuna atakayemuuliza. Alibaki. Alisafiri, akasimama mbele ya mataifa yale yale yaliyomjua tangu San Francisco, akaeleza kwa nini nchi yake ilihitaji nidhamu ile. Alibaki mpaka Januari 1984, miezi mitano baada ya Aquino kupigwa risasi uwanja wa ndege wa Manila.

Wanaomtetea wana hoja, na si za kuchekesha. Wanasema alitumikia nchi, si mtu. Marais huja na kwenda, Ufilipino ipo. Wanasema katika miaka hiyo nchi ilifungua uhusiano na China mwaka 1975 na Urusi mwaka 1976, na kwamba mzee aliyewapinga wakomunisti maisha yake yote alikubali kukaa nao meza moja kwa faida ya watu wake. Kweli tupu. Na hoja yao kubwa, ile inayorudi kila kona ya dunia mtu mwema anapokutwa ndani ya serikali mbaya, ni hii: kama asingekuwa yeye, angewekwa mwingine, na huyo mwingine angekuwa mbaya zaidi.

Afadhali mimi. Hoja hii naifahamu. Imekulia nyumbani kwetu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa TANU wa kadi za mwanzo, wale waliotembea na baiskeli vijiji kwa vijiji kabla ya 1961 wakiwaeleza watu kwamba mkoloni ataondoka. Aliheshimiwa sana. Hakuwahi kuchukua mbuzi wa mtu wala shilingi ya chama. Lilipofika zoezi la kuhamishia watu vijijini, mwaka 1974, yeye alikuwa balozi wa nyumba kumi, na ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani wafunge mizigo. Aliwaambia kutakuwa na maji na zahanati. Waliohama walikuta pori lililofyekwa na vigingi. Waliosita walichomewa nyumba na vijana waliotoka mbali, mahindi yakiwa bado shambani. Maji yalikuja, miaka kumi na tatu baadaye.

Nilimuuliza nikiwa chuo, kwa ule ujeuri wa mwaka wa pili. Hakukasirika. Alisema, "Mjukuu wangu, nisingesema mimi angesema mwingine. Na angesema na kiboko mkononi."

Niliridhika na jibu hilo kwa miaka mingi. Lina busara ya kikwetu, tena lina huruma ndani yake: heri watu wahame kwa neno la mzee kuliko kwa kiboko. Lililoniharibia ni bibi mmoja, jirani yetu wa zamani, tuliyekuwa tukimenya naye karanga siku ya tatu ya matanga ya babu. Alikuwa anamsifu marehemu. Alisimulia mambo mazuri, jinsi alivyowaandikia watu barua bure, jinsi alivyogawa chumvi wakati wa vita vya Amin. Halafu akasema, kama anayesimulia habari ya mvua, "Sisi tulihama kwa sababu ni yeye aliyesema. Angekuja mwingine tungekimbilia porini, kama wa kule bondeni. Wale wa bondeni hawakuhama, unajua? Wapo mpaka leo."

Akaendelea kumenya.

Nadhani hapo ndipo ile hoja inapovuja. Anayesema afadhali mimi kuliko mwingine anajiona kama kizibo: nimeziba tundu ambalo lingepitisha mtu mbaya. Anasahau kwamba mtu mbaya hawezi kuifanya kazi ile ile. Mbaya akisema, watu wanajua la kufanya. Wanakimbia, wanaficha chakula, wanaandika barua nje ya nchi. Mwema akisema, wanafunga mizigo. Wema wake haupunguzi madhara kama anavyodhani, maana ndio unaoyafungulia mlango. Marcos hakukosa watu wa kumsifu, walijaa ikulu. Walichokosa watu hao ni masikio ya dunia. Ukimpeleka mpiga debe New York, mabalozi watakwenda kunywa kahawa. Ukimpeleka mtu aliyetia saini Mkataba, mtu wa Daudi na Goliathi, mtu aliyeuliza lile swali la Bandung, watakaa wasikilize, na akimaliza baadhi yao watajiambia kwamba labda mambo Manila si mabaya kiasi hicho, maana mzee huyu tunamjua.

Kwa hiyo swali langu kwa Romulo si kama alikuwa mnafiki. Sidhani. Watu wa aina yake huamini wanachosema, angalau mpaka saa ya chakula cha mchana. Swali langu ni hili: sauti iliyoaminiwa na watu wengi, ni ya nani? Sisi huwa tunafikiri jina zuri ni kama akiba ya mtu benki, kaiweka mwenyewe, na uzeeni ana haki ya kuitumia apendavyo. Lakini jina la Romulo halikujazwa na Romulo peke yake. Lilijazwa na askari wa Bataan walioshikilia redio masikioni, na makoloni ambayo hayakuwa na kiti San Francisco na yakasemewa naye. Alipolipeleka jina hilo kwa Marcos, alikwenda na vitu vya watu.

Utasema ninamhukumu mtu ambaye sijavaa viatu vyake. Hilo nalo limenisumbua. Siku moja nilitaka kumaliza makala hii kwa mizani: upande huu ibara ya 76, upande ule miaka ya kuitetea sheria ya kijeshi, tuone kipi kizito. Nikashindwa, na nadhani nilishindwa kwa sababu nzuri. Mizani inataka mizigo yote iwe ya mtu mmoja. Mimi ninayefaidi ibara ya 76 sikuteswa Manila. Aliyeteswa Manila hakuwa Mtanganyika. Mimi naweza kumshukuru, na ninamshukuru. Hiyo shukrani ni yangu. Kusamehe si kwangu. Nikisema tumsamehe mzee kwa kuwa alitusaidia sisi, ninalipa deni langu kwa pesa ya jirani, tena jirani ambaye kaka yake hakurudi nyumbani.

Kinyume chake nacho sikiwezi. Kuna vijana wakisikia habari ya Marcos wanataka kufuta kila kitu, kwamba basi hata ule uhuru wa San Francisco ulikuwa usanii. Hapana. Neno likishaandikwa halimtegemei tena aliyeliandika. Nyerere hakuhitaji Romulo awe malaika ili asome ibara ya 76. Na lile swali la Bandung, kama kuna kitu kinachomshtaki Romulo wa 1972, ni Romulo wa 1955. Sijapata mwendesha mashtaka bora. Natamani tu kujua kama alikutana naye usiku, pale katika nyumba ya waziri, akiwa mzee, amestaafu hotuba za siku hiyo. Mke wake wa pili aliandika kitabu kuhusu ikulu ya Marcos baada ya yote kuanguka. Yeye mwenyewe hakuwahi kuufikia wakati wa kuandika bila hofu. Alifariki tarehe 15 Desemba 1985. Miezi miwili na siku chache baadaye mamia ya maelfu ya watu walijaa barabara ya EDSA, wakiwa na rozari na sandwichi mbele ya vifaru, na Marcos akakimbilia Hawaii. Angeishi hadi Machi tu, tungejua kama angekwenda barabarani, au angekwenda uwanja wa ndege kuaga.

Amezikwa Libingan ng mga Bayani, makaburi ya mashujaa, kwa heshima zote za taifa. Novemba 2016, huku watu wakiandamana, Marcos naye akazikwa humo humo.

Babu yangu amezikwa kwenye kijiji kile cha vigingi, chini ya mwembe alioupanda mwenyewe mwaka walipohamia. Yule bibi yupo bado, macho yameanza kufifia. Nikienda likizo hunijazia mfuko wa karanga, ananiuliza kama Dar mvua zimenyesha, na akinisindikiza hupitia njia ya kaburini, anaokota majani makavu yaliyoanguka juu yake, anayatupa pembeni.